Kuzunguka nchi ya vilima kwa baiskeli bila kuchangamana na magari

Swali: Mimi na mume wangu tumevuka miaka hamsini, na baiskeli tumezoea kuziendesha mjini, mahali tambarare. Tunataka kusafiri siku tano katika eneo la vijijini lenye vilima, tukiwa na mizigo yetu, bila kupita barabara za magari. Kwa programu ya simu tumepanga njia ya kilomita 240, nayo inaonyesha kwamba tutapanda jumla ya mita 3,100. Siku mbili za kwanza, kilomita 110, tutafuata reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli, inayoanzia mita 140 juu ya usawa wa bahari na kuishia mita 520. Programu inasema hapo tutapanda mita 900. Siku ya tatu tutakata mabonde manne kwa njia za vijijini, kilomita 38 na mita 1,100. Siku mbili za mwisho tutafuata mto, kisha barabara za msituni, kilomita 92 na mita 1,100. Je, tutaweza, au tununue baiskeli za umeme?

Jibu: Ndugu msomaji, siku nne kati ya hizo tano mnaziweza kwa baiskeli za kawaida, mradi ziwe na gia zinazofaa. Siku ya tatu, jinsi ilivyopangwa, siishauri, na ubaya wake haumo katika urefu wala katika umri wenu, bali katika namna njia yenyewe inavyoikabili ardhi. Katika nchi ya vilima, kuepuka magari na kuepuka milima mikali ni matakwa mawili yanayovutana, kwa sababu barabara kuu imekwisha kuchukua sehemu laini ya bonde, na kinachobaki bila magari mara nyingi ni kile ambacho wenye magari hawakukitaka, yaani njia inayopanda moja kwa moja. Njia zinazotimiza matakwa yote mawili ni zile zilizochongwa kwa ajili ya kitu kinachoshindwa na mlima upesi kuliko binadamu: treni, maji ya mfereji, au lori lililosheheni magogo. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu kilomita, mimi huuliza kwanza njia ilitengenezwa na nani, na ili ipitishe nini.

Reli ndiyo jibu bora kuliko yote. Gurudumu la chuma juu ya chuma hushika kidogo sana, na kichwa cha treni kinachovuta mabehewa mengi hupoteza nguvu haraka kwenye mwinuko. Ndiyo maana reli za kawaida hazivuki kwa kawaida mwinuko wa asilimia 2 au 2.5, yaani kupanda mita mbili au mbili na nusu kwa kila mita 100 za mwendo. Ili kulinda kipimo hicho wahandisi walikata vilima, wakajaza mabonde kwa matuta, wakajenga madaraja marefu na kutoboa mahandaki, na reli ilipofungwa kazi hiyo yote ikabaki pale. Otago Central Rail Trail ya New Zealand, yenye kilomita 152 na iliyofunguliwa kwa waendesha baiskeli mwaka 2000, inapita katikati ya milima bila kuzidi mwinuko wa asilimia 2. Vía Verde de la Sierra ya kusini mwa Hispania, kati ya Olvera na Puerto Serrano, ina kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja makubwa manne, ingawa treni za abiria ambazo ilijengewa hazikuwahi kupita. Vennbahn, inayotoka Aachen nchini Ujerumani hadi Troisvierges nchini Luxemburg kwa kilomita takriban 125, ina kioja cha ziada: ukanda wa reli ni ardhi ya Ubelgiji hata pale ambapo pande zote mbili ni Ujerumani, kutokana na mipaka iliyopangwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Hata hivyo, reli ya zamani nayo ina upande wa kupanda na upande wa kuteremka, na uamuzi wa mahali pa kuanzia una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Great Allegheny Passage ya Marekani, kati ya Cumberland na Pittsburgh, ina urefu wa kilomita zipatazo 240, na kilele chake kiko mita 729 juu ya usawa wa bahari. Anayeanzia Cumberland hupanda mita zipatazo 540 ndani ya kilomita 38 hivi za mwanzo, wakati anayeanzia Pittsburgh hupanda mita zipatazo 500 zilizotandazwa juu ya kilomita 200, kiasi kwamba kwa sehemu kubwa ya safari hatambui kama anapanda. Njia yenu inapanda mita 380 kwa kilomita 110, ambayo ni wastani wa asilimia 0.35 tu. Mwelekeo mliouchagua haunipi wasiwasi wowote, na una faida ya kuwapa miguu yenu siku mbili za kuzoea mizigo kabla ya kazi kubwa.

Sasa nirudi kwenye zile mita 900, ambazo karibu hakika si za kweli. Programu nyingi za ramani hazina habari ya njia yenyewe ilivyo. Zinachukua mstari wa njia na kuulaza juu ya mfano wa ardhi uliopimwa kutoka angani, ambao mara nyingi una nukta moja kwa kila mita 30 hivi. Pale reli inapopita ndani ya handaki, programu inadhani unapanda mlima ulio juu ya handaki na kuteremka upande wa pili. Pale inapovuka daraja refu, inadhani unashuka hadi mtoni na kupanda tena. Na pale inapopita ubavuni mwa mlima, kosa la mita chache kando linatosha kuleta kilima ambacho hakipo. Fungueni mchoro wa mwinuko wa siku hizo mbili, mtafute vilele vyembamba vilivyochongoka, kisha mlinganishe kila kimoja na picha ya satelaiti. Mkikuta kwamba njia inapotea upande mmoja wa kilima na kuibuka upande mwingine, futeni kilele hicho katika hesabu. Kwa reli inayotoka mita 140 hadi mita 520, jumla ya kweli huenda isipite sana mita 400, isipokuwa kama katikati kuna mteremko mrefu ambao hamkuutaja.

Kuna mambo mawili ya reli ambayo mchoro hauyaonyeshi hata ukiwa sahihi. La kwanza ni daraja lililoondolewa. Chuma cha daraja huuzwa au huoza, na waliotengeneza njia ya baiskeli, kwa kukosa fedha za kujenga jingine, huiteremsha njia ghafla hadi kwenye korongo na kuipandisha ng'ambo. Vipande hivyo vya mita 50 au 100 huweza kufika asilimia 15, na ndivyo vinavyoangusha watu wenye mizigo, kwa kuwa vinamkuta mtu akiwa kwenye gia nzito baada ya saa nzima ya mwendo mwororo. Tazameni picha ya satelaiti kila mahali reli inapokutana na mto au barabara, na mkiona njia inakunja kona kali isiyofanana na kona za treni, jueni kwamba hapo pana mteremko na mpando. La pili ni stesheni. Treni ilipita mahali ilipoweza, si mahali watu walipoishi, na katika nchi ya vilima kijiji kinaweza kuwa mita 100 au 150 juu ya stesheni inayobeba jina lake. Mpango unaoonekana mwepesi mchana kutwa unaweza kumalizika kwa kilomita mbili za mlima mkali jioni, miguu ikiwa imeshachoka, na kwenye barabara yenye magari. Chagueni mahali pa kulala palipo kandokando ya njia yenyewe, hata kama ni pa hali ya chini kuliko pale kijijini.

Mahandaki yanahitaji taa halisi ya mbele, si ile ya kumetameta ya mjini. Vueni miwani ya jua kabla ya kuingia, punguzeni mwendo hadi macho yazoee giza, na mtarajie maji yanayodondoka na sakafu yenye utelezi. Baadhi ya mahandaki hufungwa majira ya baridi ili kuwalinda popo, kwa hiyo mwezi wa safari nao ni sehemu ya ramani.

Siku ya tatu ndiyo yenye mgogoro, na inafaa niifafanue kwa hesabu. Mita 1,100 kwa kilomita 38 ni mita 29 za kupanda kwa kila kilomita ya safari. Kwa mtalii mwenye mizigo, chini ya mita 10 kwa kilomita ni wepesi, kati ya 10 na 15 ni vilima vya kawaida, na kuanzia 20 ni siku ngumu hata kwa mzoefu. Lakini hata kipimo hicho kinaficha jambo, kwa sababu nusu ya njia hiyo ni miteremko, hivyo mita 1,100 zote zinapandwa ndani ya kilomita zipatazo 19, wastani wa karibu asilimia 6. Wastani huo nao umechanganya vipande vya asilimia 3 na vipande vya asilimia 12.

Tofauti kati ya vipande hivyo inaonekana wazi ukiipima kwa nguvu ya miguu. Tuchukue mtu, baiskeli na mizigo vyenye uzito wa jumla wa kilo 100, na nguvu ya wati 120 hivi, ambayo mtu mzima mwenye mazoezi ya wastani anaweza kuidumisha kwa muda mrefu. Kwenye changarawe iliyoshindiliwa vizuri, mwinuko wa asilimia 2 humruhusu kwenda kilomita 13 kwa saa. Wa asilimia 6 humshusha hadi kilomita 6 hivi. Na wa asilimia 12 humfikisha kilomita tatu na nusu, ambao ni mwendo wa polepole kuliko wa mtu anayetembea, na ni mdogo mno kuiweka baiskeli yenye mizigo wima bila kuyumba. Kwa hiyo kwenye asilimia 12 mtashuka na kukokota, na kukokota si aibu, ila kilomita nane za kukokota hula siku nzima. Changarawe legevu huongeza adha: hata pale palipo tambarare hukuongezea mzigo kama wa kupanda mwinuko wa asilimia 1 au zaidi, na kwenye mlima mkali gurudumu la nyuma huzunguka bure mara tu unaposimama juu ya pedeli.

Ugumu wa siku hiyo unatokana na kukata mabonde badala ya kuyafuata. Kila bonde mnalolivuka mnalipa mara mbili, kwanza kwa breki, kisha kwa miguu, na hakuna mnachobakiwa nacho. Ningejaribu kwanza kutafuta njia ya mgongoni, ile inayopita juu ya ukingo unaotenganisha mito. Mkishalipa mpando mmoja wa asubuhi, njia hiyo huteremka na kupanda kidogo kidogo tu, na kwa kawaida magari ni machache kwa kuwa hakuna maji wala vijiji vikubwa huko juu. Ubaya wake ni upepo na ukosefu wa kivuli.

Kama mgongo haupo au hauelekei mnakokwenda, tafuteni mabonde mawili yaliyoziba. Barabara inayoingia bondeni na kuishia huko haina magari ya kupita. Wanaoitumia ni wenyeji wake tu, na baada ya kijiji cha mwisho huwa kimya kabisa. Mara nyingi kichwa cha bonde hilo kinatenganishwa na kichwa cha bonde jingine lililoziba kwa kilomita moja au mbili za njia ya miguu au ya mifugo, ambayo hakuna dereva anayeweza kuipita. Kokoteni hapo kwa nusu saa au saa moja, mkitangulia kuhakikisha kwamba baiskeli zinaruhusiwa, na mtakuwa mmeunganisha nusu siku mbili za utulivu kwa jasho la kipande kimoja. Mimi naipenda mbinu hii kuliko zote, na programu za kupanga njia karibu haziipendekezi kamwe, maana zimefundishwa kuchukia kukokota.

Njia ya tatu ni barabara iliyostaafu. Pale barabara kuu mpya iliponyooshwa kwa handaki au daraja, ile ya zamani yenye kona nyingi mara nyingi imeachwa ubavuni, ikiwa na lami iliyopasuka na nyasi katikati, na mwinuko wake ni wa wastani kwa sababu ilijengwa wakati magari yenyewe yalikuwa dhaifu. Ikifika mahali hata hilo halipatikani, pandeni treni ya mkoa au gari la mizigo kwa siku hiyo moja. Nisingeona haya kufanya hivyo.

Kuhakiki ukali wa njia yoyote mbadala, ramani ya karatasi yenye kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, bado inaishinda simu. Ikiwa kontua zimeachana kwa mita 20, hesabuni mistari ambayo njia inaikata ndani ya kilomita moja: mistari miwili au mitatu ni asilimia 4 hadi 6, na mitano ni asilimia 10. Angalieni pia njia inavyolala. Ikikimbia sambamba na kontua na kuikata kwa mshazari, ilichongwa na mtu aliyekuwa na mzigo. Ikizikata kama kisu, ilikanyagwa na miguu.

Kuhusu siku mbili za mwisho, msidanganyike na neno mto. Mto ndio unaoteremka taratibu. Njia iliyo kando yake hulazimika kupanda kila mahali ambapo mlima umeingia hadi majini, na mipando hiyo midogo ya mita 20 au 30, ikirudiwa mara nyingi, ndiyo huenda imekusanya sehemu kubwa ya mita 1,100 mlizoonyeshwa. Mara hii sidhani kwamba programu inakosea. Mfereji wa vyombo vya majini ungekuwa bora, kwa kuwa njia yake hupanda penye makufuli ya maji tu, yaani milango inayoinua na kushusha vyombo. Canal du Midi ya Ufaransa, iliyokamilika mwaka 1681, inasafiri kilomita 240 kutoka Toulouse hadi karibu na Bahari ya Kati, na mahali pake pa juu kabisa ni chini ya mita 200. Lakini si kila mfereji ni njia ya baiskeli: mifereji ya umwagiliaji ya kisiwa cha Madeira, iitwayo levada, inafuata kontua kwa usahihi wa kupendeza, ila kijia chake ni chembamba na mara nyingi kimepakana na genge, na hapo ni pa kutembea kwa miguu.

Barabara za msituni ni nzuri kwenu kwa sababu lori la magogo nalo halipendi mlima mkali, na kwa kawaida wajenzi hujitahidi zisizidi asilimia 8 hadi 10. Pangeni kuzipita Jumamosi na Jumapili, siku ambazo uvunaji kwa kawaida husimama, na msivuke kizuizi cha eneo la ukataji hata kama hamsikii msumeno. Kokoto zake huwa kubwa na zenye ncha, hivyo matairi yawe na upana wa milimita 40 hadi 50, yasijazwe upepo hadi kuwa magumu kama jiwe. Mkikuta farasi au ng'ombe njiani, semeni kwa sauti ya kawaida mkiwa bado mbali. Mnyama anaogopa zaidi kitu kinachomjia kimya kuliko kengele au sauti ya mtu.

Gia ndiyo kitu cha pekee ambacho ningewasihi mkigharimie. Baiskeli ya mjini yenye meno 38 mbele na 28 nyuma, kwa gia yake nyepesi kabisa, husogea karibu mita tatu kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa mtakuwa mnanyonga mizunguko isiyofika 35 kwa dakika, na kila mzunguko ni kazi ya kuinua gogo, kazi ambayo magoti huikataa siku ya pili. Meno 22 mbele na 34 nyuma huishusha hatua hiyo hadi mita 1.4 hivi, na mwendo uleule unapatikana kwa mizunguko 70. Fundi anaweza kubadilisha sahani ya mbele na seti ya nyuma bila kununua baiskeli mpya, ila aangalie kwanza kama kibadilisha gia cha nyuma kinaweza kubeba meno mengi kiasi hicho na kama cheni inatosha urefu.

Breki zinastahili uangalifu uleule. Kilo 100 zinapoteremka mita 250 kwa mwendo usiobadilika, karibu nishati yote ya mteremko huo huishia kwenye breki na upepo. Kama breki ni za rimu, yaani zinazobana ukingo wa gurudumu, na mnazibana mfululizo polepole, rimu hupata moto kiasi cha kuweza kupasua tyubu. Ni heri kuachia, kubana kwa nguvu kabla ya kona kwa breki zote mbili, kisha kuachia tena, huku mmekaa wima ili upepo usaidie. Kagueni pedi kabla ya kuondoka na kila asubuhi. Mkisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, simameni palepale. Mizigo mizito ikae chini, sehemu yake kwenye keria ya mbele, kwani mikoba yote ikiwa nyuma gurudumu la mbele hunyanyuka penye mpando na kuteleza penye mteremko.

Nimeacha swali la umeme mwisho kwa makusudi, maana jibu linategemea yote yaliyotangulia. Kuinua mtu, baiskeli nzito na mizigo, tuseme kilo 110, kwa mita 1,100 kunahitaji wati-saa 330 kabla ya hasara za mota, na betri nyingi hubeba kati ya 400 na 600. Kwa hiyo hata siku ya tatu jinsi mlivyoipanga mwanzo ingewezekana kwa umeme, mradi nanyi mnyonge na mahali pa kulala pawe na soketi. Lakini baiskeli hiyo mara nyingi huwa na uzito wa kilo 25 bila mizigo, na ile kilomita moja ya kukokota kati ya mabonde mawili, pamoja na kila geti la kuirusha juu, inageuka kuwa kazi ya watu wawili. Mkiibadilisha siku ya tatu kama nilivyoeleza, sioni sababu ya kununua. Kodisheni kwa siku moja kama mna shaka, na kabla ya hapo fungeni mizigo yote kwenye baiskeli zenu, mtafute mwinuko wowote wa asilimia 6, hata ule wa kupandia daraja la juu, mkaupande mara kumi mfululizo kwa gia mpya. Mkimaliza huku bado mnaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, wekeni nafasi za kulala.